Saa ya Kuangalia Viini

Jumatatu, 4 Machi

Muuza dawa amepita kazini kugawa shajara za mwaka huu, mwaka wenyewe ukiwa umeshakula miezi miwili. Yangu ina picha ya familia yenye meno meupe kwenye jalada. Nimeamua kuitumia kwa sababu karatasi yake ni nzuri, na nikirudi nyumbani sina wa kuongea naye ila redio. Mvua imeanza leo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi yangu amekuja kliniki kwetu, ya kupandikiza mimba. Ni mke wa mdogo wangu, fundi wa kushona nguo, mwanamke wa sauti kubwa na marashi makali. Miaka tisa ya ndoa, na mara mbili tumeshamjaribia hapa bila mafanikio. Ana miaka thelathini na tisa. Daktari amewaeleza wote wawili, mlango ukiwa umefungwa, kwamba mayai yaliyobaki ni machache mno na hii ndiyo mara ya mwisho ambayo yeye yuko tayari kuisimamia.

Nilimkuta mapokezi akisubiri sindano ya kwanza. Nikamwambia ajiepushe na marashi siku akija kutolewa mayai, kwa kuwa harufu hupenya hadi maabara na mayai huharibika nayo.

"Hata mayai yangu mwenyewe, wifi?"

"Hata yako."

"Basi yana maringo. Yamemrithi shangazi yao."

Mapokezi yote yakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Sijawahi kumpenda sana, niandike tu, humu hasomi mtu. Anaingia mahali na kupajaza, mtu unabaki kutafuta pa kuweka miguu.

Ijumaa, 8 Machi

Kanuni yetu ya maabara, kwa kumbukumbu. Kila hatua ina watu wawili: mmoja anafanya, mwingine anashuhudia, wote wanasaini na kuandika saa. Na asiwepo anayegusa wala kuangalia mayai ya ndugu yake. Kanuni hii ya pili aliiandika mkuu wa maabara, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Dakika. Ana saa mbili, moja mkononi na moja shingoni, na akikuta umeandika "kama saa tatu hivi" hula kichwa chako mchana kutwa. Kwa hiyo mayai ya wifi ni ya Dakika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikubishana naye.

Jumatatu, 11 Machi

Mama amepiga simu. Ameuliza kuhusu mvua, kuhusu mgongo wangu, kisha kuhusu "yale mambo ya mdogo wako." Nikamwambia sindano zinaendelea. Akasema na wewe uko humo humo ndani, utayatazama vizuri. Sikumweleza habari za kanuni.

Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu amenipitia kazini. Ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, na anauliza vitu kama anayeuliza habari za pampu iliyokufa.

"Dada, hivi yai lile lina nini ndani?"

Nikamchorea nyuma ya karatasi ya oda. Yai la binadamu ni dogo kuliko nukta ya kalamu. Nje lina wingu la seli ndogo ndogo zinazolilea. Ndani ya wingu kuna ganda nene la wazi. Chini ya ganda kuna utando mwembamba, na chini ya utando vimepangwa vijifuko maelfu. Mbegu ya kwanza ikishapenya, vijifuko hivyo vinapasuka na kulifanya ganda kuwa gumu, ili mbegu ya pili isipite. Katikati kuna chakula, vinu vya nguvu, na nusu ya mama. Mbegu inaleta nusu ya baba.

"Vinu vya nguvu vinatoka kwa nani?"

"Kwa mama tu."

"Mimi naleta nini basi?"

"Nusu ya ramani."

Akafikiri. "Na ikipita mbegu ya pili kabla ganda halijafunga?"

Nikamwambia hapo yanakuwa matatizo. Yai lililo sawa huonyesha viini viwili, cha mama na cha baba, vimekaa ubavu kwa ubavu. Lililoingiwa na mbegu mbili huonyesha vitatu, na hilo halifai kupandikizwa. Viini hivyo vinaonekana kwa saa chache tu. Sisi huangalia kati ya saa ya kumi na sita na ya kumi na nane tangu mbegu ziwekwe. Baadaye vinaungana na kupotea, na lenye vitatu linaanza kugawanyika kwa sura nzuri tu kama lenye viwili.

Akaikunja karatasi vizuri akaitia mfukoni.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Jumanne, 19 Machi

Wifi ametolewa mayai asubuhi. Alikuja bila marashi. Alipozinduka aliuliza, "Mangapi?" Manne. Moja lilikuwa changa, halijawa tayari kupokea kitu. Yamebaki matatu. Saa tisa alasiri Dakika ameweka mbegu kwenye sahani ya mayai, muuguzi wetu akashuhudia. Kuangalia ni kesho, saa moja hadi saa tatu asubuhi.

Jumatano, 20 Machi

Nimefika kazini saa moja kasoro robo. Mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika tangu jana jioni. Dakika anakaa ng'ambo ya mto. Saa moja na nusu akapiga simu: daraja limefungwa, maji yanapita juu yake.

"Nazungukia barabara ya juu," akasema. "Usiguse chochote."

Saa mbili hajafika. Muuguzi, mwanamke wa makamo asiyeogopa mtu, akasimama mlangoni kwangu.

"Angalia wewe. Mimi nitashuhudia."

"Ni wifi yangu."

"Kwani macho yako yatayabadilisha?"

Nikampigia Dakika. Nikasikia honi na watu wakigombana. Nikamwuliza, "Mkuu, niangalie?" Akasema kanuni ni kanuni, akianza kuivunja yeye, kesho kila mtu ataivunja, na kwamba foleni imeanza kusogea. Haikuwa imeanza kusogea. Nilijua kwa sauti yake.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwenye kabati la joto ambalo sahani ile ilikuwa ndani yake. Nikanywa chai. Nikapanga upya vibandiko vya mirija ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa. Sikumpigia tena.

Dakika aliingia saa nane mchana, suruali imelowa hadi mapajani, kiatu kimoja hana. Saa ya ishirini na tatu. Aliosha mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akayaondolea mayai wingu lake la seli, akaangalia. Nilimsikia akimwambia muuguzi aandike. La kwanza limesinyaa, limekufa. La pili lina viini viwili. La tatu, sifuri.

Sifuri ina maana mbili. Ama mbegu haikuingia kabisa, ama iliingia, viini vikaonekana asubuhi, vikaungana na kupotea mtu akiwa anakunywa chai. Na kama vilionekana, hakuna ajuaye vilikuwa viwili au vitatu.

Nimejiuliza jioni yote kwa nini sikuangalia. Kanuni, ndiyo. Lakini asingenifukuza mtu, na hilo nalo nalijua. Ukweli ni kwamba kanuni ilinifaa. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kuona kwamba hakuna kitu, kisha nibebe habari hiyo hadi nyumbani kwa mdogo wangu na kukaa nayo kwenye kochi lao, mbele ya yule mwanamke. Niliogopa, nikauita woga wangu utaratibu.

Alhamisi, 21 Machi

Lenye viini viwili limegawanyika vibaya, vipande vipande. Halitafika mbali.

La sifuri lina seli nne, zimelingana, safi; kumbe mbegu iliingia. Dakika alikaa muda mrefu kwenye darubini. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

Akaniita chumba cha mitungi ya gesi, akafunga mlango. Alikuwa na fomu ya jana mkononi. Mstari wa yai la tatu ulikuwa bado haujajazwa kwa wino, muuguzi alikuwa ameandika kwa penseli.

"Daktari hapandikizi yai ambalo viini viwili havikuonekana," akasema. "Unajua."

"Najua."

"Ulikuwa hapa saa mbili."

"Nilikuwa nakunywa chai, Mkuu."

"Nani anajua ulikuwa unafanya nini? Andika uliangalia. Viini viwili, saa mbili asubuhi. Mimi nitasema nilikuruhusu kwa simu. Simu zipo, ulinipigia."

Huyu ndiye aliyewahi kunirudishia fomu kwa sababu saba yangu inafanana na moja. Akanisogezea kalamu. Nikatambua kwamba miaka yote hii nilimdhania mashine, kumbe ni mtu mwenye hofu kubwa ya kukosea, na sasa amekosea.

Nikachukua kalamu. Sitajidai hapa. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu. Nilimfikiria mdogo wangu na karatasi yake aliyoikunja. Kisha nikafikiria mimba ya viini vitatu: inashika, mwanamke anaanza kushona vinguo, na miezi inayofuata inaharibika, na nyingine huondoka na damu nyingi kiasi cha kumtia mama hatarini.

"Na kama vilikuwa vitatu?" nikamwuliza.

Nikairudisha kalamu mezani. Tulisimama pale mvua ikipiga bati, na mimi nilikuwa na hasira naye na huruma naye kwa wakati mmoja. Halafu akaikata ile herufi yangu kwa mstari mmoja, akasaini pembeni, akaandika kwa wino: *Saa nane mchana. Hakuna kiini kilichoonekana. Nimechelewa saa tano.* Akaipeleka kwa daktari mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Seli nane. Lenye viini viwili limesimama, limekwisha. Siku mbili za kwanza kiinitete huishi kwa akiba ya mama, siku ya tatu hubidi kianze kusoma ramani yake chenyewe. Vingi hukwama hapo. Hiki hakijakwama.

Daktari amesema hivi: kikifika siku ya tano kikiwa kizima, uamuzi ni wa mgonjwa, ila lazima aelezwe kila kitu na asaini. Nikamwambia nitamweleza mimi. Akanitazama juu ya miwani. "Kila kitu," akasema.

Jumamosi, 23 Machi

Seli zimekumbatiana hadi mipaka haionekani. Ndivyo inavyotakiwa siku ya nne.

Nimeenda kwao mchana. Wifi alikuwa kwenye cherehani, anapindisha sketi ya shule ya mtoto wa mteja. Mdogo wangu alikuwa anafungua feni mezani. Nikakataa chai. Nikaeleza, kwa mpangilio, kama ninavyotoa taarifa kazini: mayai manne, matatu, mawili, moja. Daraja. Simu. Sifuri. Seli nne. Nikaeleza viini vitatu ni nini na vinaweza kumfanya nini.

Cherehani ikanyamaza.

"Ungeangalia asubuhi," wifi akasema, "lingekuwa yai jingine?"

"Lingekuwa lile lile."

"Kwa hiyo kilichopotea ni sisi kujua."

"Ndiyo."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na nimewasikia madaktari wakizunguka jambo hilo kwa nusu saa bila kulifikia.

"Na hukuangalia kwa nini?"

"Ndugu haruhusiwi. Ni kanuni."

Akanikazia macho.

"Na woga," nikasema. "Niliogopa kuwa mimi wa kuwaletea."

Akakata uzi kwa meno. "Afadhali umesema. Ulipoishia kwenye kanuni nilikuwa naanza kukuchukia."

Mdogo wangu akaweka bisibisi chini. "Saa saba, dada," akasema. "Saa saba umekaa nalo chumba kimoja." Akainuka akatoka nje kwenye mvua hivyo hivyo, bila mwavuli. Niliposimama kuondoka hakurudi kunisindikiza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu awe mtu mzima.

Wifi alinifikisha mlangoni. "Mwache, atapoa. Hilo yai mwambie daktari aliweke. Limekuja limeficha uso, sawa, lina haya. Mama yake hana, tutasaidiana." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Nimelia kwenye basi. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumapili, 24 Machi

Limefika. Lina uwazi wa maji katikati, tabaka la nje ambalo litakuwa kondo, na upande mmoja fungu dogo la seli ambalo, likikubali, litakuwa mtu. Wifi amesaini kurasa tatu, akimsomea daktari kwa sauti kila mstari. Dakika alilipeleka, muuguzi akashuhudia. Mimi nilibaki nje ya mstari mwekundu wa mlango wa chumba cha kupandikizia, kama inavyotakiwa. Mdogo wangu alipita karibu yangu koridoni akatazama saa ya ukutani.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Daraja bado.

Alhamisi, 28 Machi

Dakika amebandika kanuni mpya: *Saa ya kuangalia ikifika, aliyepo ataangalia, na ataandika uhusiano wake na mgonjwa.* Chini ameandika tarehe ya kosa na jina lake. Muuguzi alisema sasa ndiyo ameanza kumheshimu. Mimi pia, ila sikumwambia. Nilimletea soksi kavu, azihifadhi kazini.

Jumatatu, 1 Aprili

Mama amepiga. Nikamwambia tunasubiri. Akasema mdogo wako simu yake haipokei vizuri, mmegombana? Nikasema mtandao.

Ijumaa, 5 Aprili

Damu imeonyesha mimba. Namba ya homoni ni nzuri. Wifi alipiga kelele mpaka mapokezi wakadhani ameanguka. Mdogo wangu alimshika mkono, akamshukuru daktari, akamshukuru muuguzi, akamshukuru hata mlinzi. Mimi alinipita.

Namba nzuri haisemi chochote kuhusu viini vitatu. Katika mimba ya namna hiyo namba huweza kuwa nzuri mno. Sikuwaambia leo, kwa kuwa niliwaambia siku ile na wifi alisaini.

Jumatano, 10 Aprili

Ametapika kutwa. Ananiandikia ujumbe kila akitapika, kana kwamba ninaweka rekodi. Kusema kweli ninaweka: mara sita.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imepungua. Mara nne.

Jumamosi, 20 Aprili

Wifi ameniambia asubuhi aliona tone la damu. Nikamwambia alale, nikampigia daktari. Hakuna jingine mpaka jioni. Sikuweza kula. Nilisafisha jiko lote, pamoja na nyuma ya jokofu. Daktari atampima Jumanne, wiki ya saba kamili.

Jumanne, 23 Aprili

Nilikuwa maabara saa nne muuguzi aliponiita. "Unatakiwa chumba cha picha. Sasa hivi."

Nikaenda. Wifi alikuwa amelala, kiganja kimefunika macho. Daktari alikuwa na kifaa mkononi, lakini alikuwa hajaanza. Mdogo wangu alisimama ukutani.

"Daktari nimemkataza," wifi akasema bila kufumbua macho. "Nataka uangalie wewe."

"Mimi ni wa darubini, wifi. Mashine hii ni ya daktari."

"Daktari atanipa moyo. Ana roho nzuri. Wewe hujui kumpa mtu moyo, ndiyo maana nakutaka. Siku ile hukuangalia, ukaja kwangu ukasema hukuangalia. Sasa angalia, uniambie unachokiona."

Nikamtazama mdogo wangu. Akasogea hatua moja, akaniachia nafasi mbele ya kioo.

"Njoo, dada," akasema. Mwezi mzima nilikuwa sijalisikia neno hilo.

Daktari akaanza. Giza, kisha ukungu, kisha mfuko, mmoja, kingo zake safi. Nikaupitia pembe kwa pembe. Ndani, kwenye ukuta wa chini, kulikuwa na kitu cha urefu wa sentimita moja, na katikati yake kitu kilikuwa kinacheza. Niliogopa tena, woga ule ule, na sikuondoa macho. Nikahesabu kwa saa ya ukutani dakika nzima, daktari akinisubiri kwa subira ambayo sitaisahau.

"Ni mmoja," nikasema. "Moyo unapiga. Mia moja thelathini na nane kwa dakika."

Mdogo wangu akakaa chini sakafuni, pale pale. Wifi hakupiga kelele. Alilia kimya kimya, kiganja bado machoni, mkono wa pili umeshika koti langu la kazi.

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba wiki ya saba si mwisho, kwamba kuna kipimo cha wiki ya kumi na mbili, na kwamba mapigo peke yake hayatoshi kusema viini vilikuwa viwili au vitatu.

"Wifi," akasema, "kwa leo ishia hapo."

Nikaishia hapo.